Nyuki Walioikataa Mizinga Yangu

Ko. Ko. Ko. Sauti hiyo ninayo sikioni mpaka leo: mjomba anagonga mzinga wangu kwa kifundo cha kidole, na mzinga unajibu kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Mzinga wenye nyuki haujibu hivyo. Ukiugonga unanguruma, vuuu, kisha unanyamaza kama mtu aliyeamshwa anayesikiliza nani kaja. Mizinga ya mjomba, ile ya magogo iliyoning'inia juu kwenye miombo, ilinguruma yote. Yangu mitatu ilikuwa ya masanduku, imekaa chini kwenye vigingi, kwa sababu kwetu mwanamke hapandi mti wa nyuki. Hiyo ilisema ko.

"Nyuki hawana haraka," mjomba alisema, akaenda zake.

Nilibaki namtazama mgongo. Mtu ambaye mizinga yake imejaa, haraka ya nini?

Kijiji chetu kiko upande wa Murungu, Kibondo. Nilisoma mpaka kidato cha pili nikarudi nyumbani, na sikurudi na huzuni kubwa, maana kitu nilichokipenda hakikuwa shuleni. Tangu mdogo nilimfuata mjomba porini. Wenzangu wakisikia nyuki wanakimbia. Mimi nasimama, nataka kujua wanakwenda wapi. Redioni asubuhi kulikuwa na mtu anayewaambia vijana wafuate wanachokipenda, nami nilimwamini kama mchungaji. Mama alikuwa anapunguza sauti.

"Huyo anapenda nini?" alikuwa anasema. "Kuongea. Na ndiyo kazi aliyopewa. Wewe nani kakupa nyuki?"

Dada yake baba, shangazi yangu wa Kasulu, ana mgahawa karibu na stendi. Wanakula pale madereva, wafanyakazi wanaokwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mama wa Kikongo wanaokuja sokoni. Alinitaka nikamsaidie. Akakubaliana na mama hivi: maua ya miombo yakiisha kabla nyuki hawajaingia kwenye mizinga yangu, naenda Kasulu. Wakiingia, nabaki. Mimi nilikubali nikicheka. Niliona nimeshinda tayari.

Nikaitunza mizinga ile kuliko nilivyojitunza. Mjomba alinionyesha kupaka nta mlangoni, ili nyuki waisikie harufu wajue hapa panakalika, nikapaka. Nikikuta utando wa buibui natoa. Nikikuta sisimizi napangusa. Kila nikitoka kufua napitia huko na ndoo yangu, nafungua, nachungulia, nafunika. Ilipendeza, nakwambia. Ingekuwa nyumba, ningehamia mwenyewe.

Na nyuki walikuja. Hilo ndilo lililoniuma. Wanakuja wawili, wanne, wanazunguka tundu la kuingilia kama wateja wanaochungulia sufuria, halafu hao, wanaondoka kwenda juu kwa mjomba.

Nikasema hapa kuna mkono wa mtu.

Kwanza nilimdhania mjomba. Kila siku ananiambia subiri, subiri, huku yeye anavuna. Kisha nikamdhania mama. Siku moja nilimwona anatokea njia ya porini bila kuni. Nikamuuliza, "Unatoka wapi, mama?" Akasema, "Kwani njia ni yako?" Jioni hiyo akaniwekea dagaa wengi kuliko wake, na mimi, badala ya kushukuru, nikaanza kujiuliza anafidia nini. Jirani yetu naye alikuwa ananisalimia kwa Kiha, mwakeye, halafu anaongeza, "Wageni wako wamefika?" Anacheka na kanga mdomoni. Huyo nikamdhania mara mbili.

Ni kitu kibaya kuwa na shaka ndani ya nyumba. Mtu akikusalimia unapima sauti yake. Mimi ninayependa kucheka na kila mtu, nilianza kucheka huku naangalia macho ya watu.

Basi nikatafuta akili. Nikachota majivu jikoni, nikayamwaga kuzunguka vigingi vyote, nikayasawazisha kwa tawi. Atakayekuja atakanyaga. Nikapitisha siku kadhaa naenda kutazama. Nyayo zilikuwepo nyingi, na zote zilikuwa zangu. Mtu mwingine angejifunza kitu hapo. Mimi niliona ushahidi mzito kuliko wote: aliyekuwa ananifanyia hakanyagi chini. Anaruka.

Nikaenda kwa mjomba, nikamwambia mizinga imerogwa. Nilikuwa nautazama uso wake kuona kama utabadilika. Haukubadilika. Akachukua panga lake tukaenda. Alifunua mzinga wa kwanza, akaingiza kichwa, akakaa humo muda mrefu. Alipokitoa, aliniangalia kama ndiyo kwanza ananiona.

"Humu kunanukia."

"Ndiyo, mjomba. Nimeosha."

"Umeosha nini?"

"Mizinga. Kwa sabuni ya unga, ile ya maua."

"Yote?"

"Yote. Kila nikifua."

Alikaa chini, palepale kwenye majivu yangu. "Nilianza nyuki mama yako hajaolewa," alisema. "Nilionywa moto. Nilionywa nyegere. Nilionywa wezi. Hakuna aliyenionya kwamba kuna siku nitamwonya mtu asioshe mzinga."

"Kwa hiyo mchawi..."

"Mchawi yupo. Anafua vizuri sana." Akapangusa macho. "Na ulimdhania nani?"

"Sikumdhania mtu."

"Ulinidhania mimi."

Nikaanza kusawazisha majivu kwa mguu.

"Hata mimi ningejidhania," akasema.

Tuliyakausha masanduku juani, tukayafukiza kwa moshi wa majani, tukapaka nta upya. Lakini maua yalikuwa yanaanguka tayari. Na shangazi akafika, na mfuko mkononi, amechangamka. Mfukoni mlikuwa na aproni ya kitenge iliyoshonwa kwa fundi, yenye mifuko miwili mbele. Nikaijaribu. Ilinikaa kama ngozi.

"Kipimo changu umekitoa wapi?" nikamuuliza.

Shangazi akamtazama mama. Mama akakoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Kwa hiyo ulimpelekea maua yakiwa hata hayajaanza kuanguka, mama," nikasema.

"Nilitaka ukifika usionekane mgeni," mama alisema, bila kugeuka. Kumbe shaka yangu haikuwa ya bure yote.

Shangazi akanikalisha. "Mwanangu, unadhani mimi nilizaliwa napenda kukaanga samaki? Nilikaanga, nikala, nikasomesha watoto. Kupenda kulikuja nyuma. Wewe unataka kutangulie mbele."

Mpaka leo sina hakika kama alikosea. Ni maneno ya mtu aliyeyaishi.

Ni mama aliyeendelea. "Mtu akipenda kitu hivi, mpaka anakiosha kama mtoto, mimi namwogopea. Kikimkataa atabaki na nini?"

"Hakijanikataa, mama. Kimekataa sabuni."

Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka. Nilimwambia siendi, nitangoja maua yajayo, na wakati huo nitalima naye muhogo, asiseme namkalia. Sikuwa na nyuki hata mmoja wa kuniunga mkono. Mama aliniangalia vile nilivyokuwa nawaangalia wao miezi yote ile, anatafuta nimeficha nini. Nilikuwa sijaficha kitu.

Asubuhi shangazi akaaga. "Aproni naiacha," alisema. "Kasulu haihami." Mama akamsindikiza barabarani.

Nyumba ilipobaki kimya, nilichukua mkasi, nikakaa mlangoni. Nikaifumua mifuko kwanza, taratibu, nisikichane kitenge. Kisha nikaikata aproni katikati, nikaanza kuishona iwe kofia ya kurinia asali, na mbele, mahali pa uso, nikatia kipande cha neti.