Mtoto Wako Ana Njaa

Nilipata kazi ya kufundisha Kiswahili Kampala kwa sababu mimi ni Mkenya. Sababu nyingine sikuiona. Kwetu Kakamega tulizungumza Kiluhya nyumbani na Kiingereza shuleni. Somo la Kiswahili nilifaulu kwa kukariri ngeli karibu na mtihani. Kabla ya kazi hiyo nilikuwa nikiuza bima. Lakini bwana aliyeniajiri alipojua nilikotoka alitabasamu, akasema, "Basi wewe umezaliwa nacho." Sikumkatalia. Nilikuwa na mtoto mchanga wa kike, na mume wangu alikuwa Juba akijenga barabara.

Siku hizo niliitikia ndiyo kwa kila kitu. Jirani yangu mtaani Kisugu, mama mtu mzima, aliniuliza kama namwogesha mtoto kyogero, yale maji ya mitishamba ya Waganda. Nikasema ndiyo. Sijawahi hata kuyaona. Mama yangu alikuwa amekuja akakaa majuma mawili, kisha akarudi kwenye mahindi yake, na tangu hapo nilimtunza yule mtoto kama mtu aliyeachiwa mzigo stendi na abiria asiyemjua: sithubutu kuondoka, sithubutu kuufungua. Nilikuwa nikimlaza kitandani tunatazamana. Nilihisi anangoja mwenye mzigo arudi.

Darasani hali ilikuwa ileile. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima, wengi wao polisi. Kiswahili chao walikiokota kambini, nao walikisema bila woga. Mimi nilikuwa na woga na kitabu. Nilisoma somo nyumbani, nikaenda kulisema kama langu. Wakikosea nasahihisha, nao wanarudia baada yangu.

Siku moja msichana anayenisaidia kulea alikwenda Masaka kumzika shangazi yake. Sikuwa na mtu mwingine. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda naye kazini. Nilikuwa sijaandika nusu ya ubao alipoamka akaanza kulia. Nikambeba kifuani, nikampigapiga mgongo, nikatembea hadi dirishani na kurudi. Akazidi.

Afande mmoja aliyekaa mbele akainua mkono. "Mwalimu, kitoto yako iko na njaa."

"Mtoto wako ana njaa," nikasahihisha, mdomo ukitangulia akili.

Darasa zima, kama nilivyowazoesha, likaitikia kwa sauti moja: "Mtoto wako ana njaa."

Hawakuwa wakinitania. Walikuwa wakingoja sentensi inayofuata.

Nikaweka chini kalamu ya ubao. "Mimi sijui kama ni njaa," nikasema. "Huwa sijui."

Askari wa kike aliyekuwa akikaa nyuma akainuka. Akageuza kiti changu kitazame ukuta, akanifunika mabega kwa sweta lake, akawaambia wenzake waandike zoezi. Nikanyonyesha nikiwa nimewapa mgongo. Mtoto akavuta kidogo, akaachia, akalia tena. Haikuwa njaa.

"Wewe ulianza kujua lini?" nikamwuliza kwa sauti ya chini.

Akafikiri. "Ile mtoto yangu ya kwanza, nilikuwa naiogopa. Analia, na mimi nalia." Akamrekebisha mtoto kofia. "Siku ya kujua, mimi sikuiona."

Nilimwacha aseme alivyosema.

Hatimaye binti yangu alilala mwenyewe, kwa kuchoka. Somo tulilimaliza kwa kunong'ona, wanaume wazima wakinyambua vitenzi kama watu walio msibani. Hakuna aliyenishtaki ofisini. Mkataba wangu ulipoisha waliuongeza, nami nikasaini.

Jioni ya siku ile niliyokwenda na mtoto darasani, mume wangu alipiga simu.

"Darasa limekwendaje?"

"Vizuri."

"Na mtoto?"

"Yuko salama. Leo nilikwenda naye."

"Safi! Wewe unaweza kila kitu."

Nikaanza kumwambia kwamba siwezi. Nilimweleza habari ya ukuta, na sweta, na jinsi walivyoitikia wote pamoja. Nilizungumza kwa muda kabla ya kugundua kwamba mtandao ulikuwa umekatika.