Siku Gari Lilipozimika Kando ya Ziwa

Wazo la kwenda kulala kwenye hema lilikuwa la binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa maelezo yake, darasa zima lilishalala porini isipokuwa yeye. Mimi natunza wazee kwenye nyumba moja huko Croydon, na likizo yangu ya Agosti huwa ni ya kitandani. Lakini aliniganda wiki mbili, mwisho nikachoka nikakubali. Aliyenishangaza ni mama yangu, ambaye tulikuwa tukiishi naye Peckham kwa mwaka wa sita. Nilidhani atabaki na shoga zake wa kanisani. Akasema, "Nibaki namlinda nani? Naenda."

Tukafunga safari wanawake watatu. Tuliendesha siku mbili, mama akiwa mbele na sufuria mapajani kwa sababu nyuma kulikuwa kumejaa. Kaskazini ya Uskoti barabara ikawa nyembamba hadi magari mawili hayapishani. Nyumba zikaisha, halafu na kondoo nao wakaisha.

Kambi yenyewe haikuwa na ofisi wala mlinzi. Getini kulikuwa na kisanduku cha mbao. Unajaza fomu, unaitumbukiza, unajichagulia nafasi, unaegesha gari na kusimika hema ubavuni mwake. Bomba moja la maji, choo kimoja, misonobari, na ziwa lililotulia kama sahani. Mbali kabisa, upande wa pili wa kambi, kulikuwa na gari jeupe la kulala ndani, na mzee wa Kizungu aliyekuwa anavua samaki peke yake.

Mama alishuka, akajinyoosha kiuno, akavuta hewa.

"Hapa ni Lushoto kabisa," akasema. "Wamesahau tu kupanda mahindi."

Lazima niseme jambo moja kuhusu nyumba yetu. Binti yangu ukimsemesha Kiswahili anaelewa, lakini anakujibu kwa Kiingereza. Mtu pekee aliyemlazimisha kufungua kinywa ni bibi yake, kwa kuwa bibi hakujua Kiingereza. Basi utamsikia, "Bibi, mimi nataka ile kitu ya juu," na mama anamsubiri kwa utulivu mpaka akumbuke hiyo kitu inaitwaje.

Siku mbili za kwanza zilikuwa raha tupu, ukiacha visubi, vidudu vidogo kama vumbi vinavyouma jioni na asubuhi. Siku ya tatu nilitaka kwenda kijijini kununua mkate. Nikazungusha ufunguo. Gari likalia tik, tik, likanyamaza. Binti yangu alikuwa amechajia simu yake humo tangu jana, akaacha na taa za ndani zinawaka.

Nilimfokea, na kwa hasira hata yule mzee wa gari jeupe hakunijia akilini. Simu hazikuwa na mtandao, kijiji kilikuwa mbali mno kwa miguu, na nilitakiwa kazini Jumatatu.

"Pandeni kile kilima mjaribu simu," mama akasema. "Mimi nipo hapa na maharage yangu."

Tulipanda karibu saa nzima. Mtandao ulikuja, nikabonyeza namba, ukapotea. Binti yangu alikaa juu ya jiwe akaanza kulia, akisema ameharibu safari ya watu wote. Nikakaa karibu naye. Kwa kweli ziwa kutoka pale lilikuwa zuri mno, na hasira ikaniishia yenyewe. Nikamwambia gari si mtu, litapona. Tukashuka.

Tulipokaribia kambi tukasikia sauti ya mwanamke anaongea Kiingereza.

"Wamekuja watu," nikasema, nikaongeza mwendo.

Hakukuwa na mgeni yeyote. Boneti yetu ilikuwa wazi, lile gari jeupe limesogezwa pua kwa pua na letu, na yule mzee ameinama na waya za kubusti betri mkononi. Kando yake alisimama mama, kajifunika kanga kichwani kwa ajili ya visubi, anamwelekeza kwa kidole na kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa.

"Hapana, bwana, anza na nyekundu. Na taratibu, tafadhali. Binti yangu akirudi akakuta umeliunguza, atanilaumu mimi."

Binti yangu alinishika mkono. "Bibi anaongea Kiingereza," akaninong'oneza. Kwa mshtuko, alisema hivyo kwa Kiswahili.

Tulipojaribu mara ya pili, gari likawaka. Mzee akapiga makofi, mama naye akapiga makofi, na mimi nimesimama kama mgeni.

"Mama, tangu lini?"

"Ile televisheni mnayoniachia mkiondoka, mnadhani natazama picha tu? Na kwenye basi masikio yangu siyafungi."

"Mbona hukutuambia?"

Akamtazama mjukuu wake. "Ningesema, huyu angeongea na mimi lugha gani?"

Binti yangu alikuwa ameanza kupiga hesabu ya miaka yote aliyozungumza kwenye simu mbele ya bibi yake. "Bibi... umesikia vyote?"

"Vyote. Na ile ripoti ya shule iliyo chini ya godoro."

"Ripoti gani?" nikauliza.

"Hayo ni yenu," mama akasema, akaenda kutazama maharage.

Alimkaribisha mzee chakula cha mchana. Yule bwana alituambia kwamba huja pale kila kiangazi tangu mkewe afariki, na kwamba kabla ya mama kumgongea mlango alikuwa na siku nne hajatamka neno. Alikula chapati nne. Kisha mvua ikashuka ghafla, tukajibana wote wanne ndani ya hema letu, magoti kwa magoti. Mama akaanza kumsimulia jinsi umande unavyoganda kwenye migomba kwao milimani, na mjukuu wake akamsahihisha neno moja, akaambiwa amwachie bibi amalize. Mimi sikuwa na la kutafsiri. Nikaegemea mfuko wa nguo, nikawasikiliza mpaka usingizi wa shibe ukanichukua.