Klavdia Hapimi Ngumi

Klavdia Zakharovna hakupendwa karakanani kwetu, na sidhani kama aliwahi kukosa usingizi kwa ajili hiyo. Mimi nilikaa cherehani ya pili kutoka kwake miaka kumi na minne, na ninachokumbuka zaidi ni kisogo chake: skafu imekazwa kwa hasira, shingo haigeuki hata umkoholee sikioni. Wakati wa vita, akiwa binti, alishona parachuti za askari, na tangu hapo imani yake ilikuwa moja tu. Mshono ukiachia, mtu amekufa. Mshono ukishika, mtu hana haki ya kulalamika.

Sisi tulishona suti za wanaanga, zile za kutokea nje ya chombo. Huko nje hakuna hewa, kwa hiyo suti hujazwa hewa yake yenyewe, nayo huvimba na kukakamaa kama tairi. Mtu wa kwanza kutoka, mwaka wa sitini na tano, suti ilimvimbia mpaka vidole vikarudi nyuma na kuziacha ncha za glavu tupu, ikabidi apunguze hewa iliyokuwa ikimweka hai ndipo akaweza kuingia tena. Mmarekani mmoja aliyetoka baadaye alivuja jasho hadi kioo cha kofia kikajaa ukungu, akawa haoni. Habari hizi zilitufikia, na wakubwa walitaka zisijirudie. Klavdia alipopewa kazi ya glavu aliapa kwamba kwake kidole hakitarudi nyuma hata unywele. Akazifupisha, zikabana hadi kwenye ncha. Zilipojazwa hewa na kuzamishwa majini hakuna hata moja iliyotoa povu. "Haivuji," alisema, na kwake neno hilo lilikuwa dini nzima.

Mtu wa kuzijaribu alikuwa Yefim Laptev. Kabla mwanaanga hajagusa suti, Yefim ndiye aliyeivaa, akafungiwa katika chumba kilichonyonywa hewa yote, akakaza nati na kushika vyuma mpaka achoke. Mkono wake ulikuwa wa saizi ya katikati, ndiyo maana glavu zote za kwanza zilipimwa kwake. Alikuwa na kejeli, alinuka vitunguu, na sikumpenda zaidi ya nilivyompenda Klavdia. Akitoka chumbani alikuwa ametota kama aliyetumbukia mtoni, na alikuja moja kwa moja kwenye meza ya Klavdia kuzitupa zile glavu.

"Hizi umemshonea maiti," alimwambia siku moja mbele yetu sote. "Maiti hakunji vidole. Mimi nakunja, na kila nikikunja kucha inagonga ncha. Mtu akining'inia huko nje kutwa, kucha zitang'oka, na mkono ukiuma vile hautashika kitu."

"Zinavuja?"

"Hazivuji."

"Basi kazi yangu imekwisha. Vidole vya siagi nenda navyo kwa daktari."

"Unanipima nimelaza mkono mezani kama nangoja kuvishwa pete. Nipime nimekunja ngumi, mama."

"Mimi napima mikono," Klavdia akasema. "Ngumi wapimie walevi wenzako."

Tulicheka mpaka cherehani zikasimama. Yefim alikataa kuzipitisha. Msimamizi, aliyekuwa amekabwa na tarehe ya safari, alimbembeleza, kisha akamfokea, kisha akamhamishia kwenye tanuri la kupasha majengo joto, akachote makaa. Akaletwa mtu mwingine asiye na mdomo, na glavu zikapita. Siku hiyo Klavdia alileta pai ya kabichi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, nasi tukaila bila kumtaja Yefim.

Aliyezivaa alikuwa Gleb Antipov. Alitoka nje, akafunga antena, akarudi, redio ikamsifu. Ilikuwa desturi kwamba anayerudi salama huja kuwashukuru washonaji, na yeye alikuja Februari, theluji ikiwa magotini, amebeba maboksi ya chokoleti. Akapita meza kwa meza akitusalimu kwa mkono, na glavu zake za ngozi hakuzivua.

Kwetu mwanamume akikupa mkono ndani ya glavu amekutukana, na kumfanyia hivyo mwanamke aliyekushonea glavu ni kumtemea mate. Damu ilinichemka, lakini nilipokea mkono wangu na chokoleti yangu kama wengine. Klavdia aliuacha mkono wa Antipov ukiwa umenyooshwa hewani.

"Vua."

Antipov akajaribu kutabasamu. "Klavdia Zakharovna, ni baridi tu."

"Humu hakuna baridi. Vua, au ondoka na chokoleti yako."

Msimamizi alianza kukohoa. Antipov akavua glavu kidole kimoja kimoja, taratibu. Kucha nne za mkono wa kulia hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na nyama nyekundu iliyokauka nusu, na ile ya tano ilikuwa nyeusi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba vidole vilianza kulowa damu kazi ikiwa haijafika nusu, na wakati wa kurudi mkono uligoma kufunga kwenye chuma, akaingia mlangoni kwa kujivuta na kiwiko.

"Lakini hazikuvuja," akaongeza, kama anayemfariji mgonjwa.

Nilitaka sana Klavdia alie. Hakulia. Mezani kwake kulikuwa na jozi ya mtu wa safari iliyofuata, imebaki mshono wa mwisho. Alichukua wembe akaifumua yote mbele ya Antipov, kisha kwa mara ya kwanza ile shingo ikageuka, akanitazama mimi.

"Laptev anakaa jengo lenu, sivyo? Nipeleke."

Tulikwenda baada ya kazi. Yefim alifungua mlango akiwa na fulana, mikono ina weusi wa makaa, nyuma yake viazi vinakaangwa.

"Umekuja kuomba msamaha?"

"Nimekuja kupima. Kucha za Antipov zimeng'oka."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Kwetu hata mtoto anajua kwamba watu hawapeani mikono juu ya kizingiti. Mmoja huvuka kwanza, awe ndani au nje, la sivyo mnauita ugomvi wenyewe. Nikamngoja Yefim aseme karibu. Hakusema, wala Klavdia hakuomba kuingia. Yefim akanyoosha mkono juu ya kizingiti, makusudi kabisa, akaukunja ngumi karibu na pua ya Klavdia.

"Haya. Pima ngumi ya mlevi."

Klavdia akatoa futi mfukoni, akaanza na kidole gumba.