Ngobyi Haishushwi Njiani

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, miaka ile ya tisini Warundi walipokuwa wakivuka mpaka kwa wingi pale Mabamba, na hata leo nikiikumbuka damu inanichemka. Wifi yangu Skolastika, mwenye mimba changa, alikuwa ameharisha na kutapika usiku kucha. Macho yameingia ndani, midomo imekauka. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi tu, sina sauti kwenye ukoo ule.

Wanaume wakamlaza kwenye ngobyi, ile machela yetu, wakaibeba mabegani kumpeleka hospitali ya Kibondo. Kutwa nzima kwa miguu! Na zahanati ipo hapo hapo njiani, mlango wazi. Nikathubutu kuwaonyesha, shemeji mkubwa akanikaripia: "Ngobyi haishushwi njiani, we mtoto. Ya maiti ndiyo hushushwa. Na zahanati kuna nini zaidi ya aspirini?" Walishauza mbuzi ili msafara upate kula. Jamani! Mtu anakauka, wao wanalinda heshima.

Mama mkwe akatoka nyuma mbio, akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni.

"Haishushwi? Haya, msiishushe! Simameni hivyo hivyo. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Akamwita mganga wa zahanati. Maskini, mtumishi wa watu aliyeletwa kutoka Tanga, akaja na jagi la dawa ya kuharisha, ile ya unga inayokorogwa kwenye maji yaliyochemshwa, akapanda juu ya kiti, akaanza kumnywesha mgonjwa huko huko juu, kijiko kwa kijiko. Jua likapanda. Wanaume wakabadilishana mabega, jasho linawatiririka, hakuna aliyethubutu kunung'unika mbele ya yule mama.

Mwishowe sauti ikatoka kwenye ngobyi: "Nishusheni, nataka kukojoa."

Mganga akacheka. "Mshusheni, hiyo habari njema! Maji yameanza kurudi mwilini." Skolastika akalazwa pale pale zahanati, na kesho yake akarudi nyumbani kwa miguu yake. Mbuzi ndiye aliyekwenda bure.

Skolastika huyo ndiye mama yako, na mimba ile ndiyo wewe. Halafu jana wewe, wewe wa kuzaliwa kwa jagi lile, umekodi gari mpaka hospitali ya Kasulu na mtoto anayeharisha, ukaipita zahanati ile ile! Umeshinda kwenye foleni, mtoto amezidi kulegea, na dawa uliyopewa ni ile ile ya hapa. Mnanichosha nyie!

Sikia basi. Anayetokwa damu, mzazi aliyekwama na uchungu, asiyeamka ukimwita: huyo mkimbize hospitali kubwa, hata kama utauza shamba. Lakini kuharisha na homa ya leo leo, anzia mlango wa karibu. Wakishindwa watakuambia wenyewe uende mbele. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mtoto mdogo hasubiri ukuta.

Imana, Mungu wa babu zetu, akukuzie mwanao, na wewe akupe masikio. Sasa mlete hapa nimpakate. Maji yameshachemka, yamepoa, na kijiko ninacho.