Sambusa za Siku ya Mechi

Wallahi, mpaka leo sijamwelewa jirani yetu wa mlango wa pili, hapa Mikindani. Sambusa, chakula chetu cha pwani, yeye huijaza mukimo wa kwao bara, ule wa viazi na mahindi ya kupondwa, kisha akatia ukwaju na pilipili mbuzi za kutuwasha mpaka masikio. Kila siku ya mechi huketi mlangoni petu na jiko lake, ameipa televisheni mgongo, akikunja manda na kubana pembe kwa kidole gumba. Tukipiga kelele huuliza, "Sisi ndio wale wekundu?" Wala hangoji jibu.

Jumapili alikuja Gedion, mwenzetu wa mechi, aliyetoka kumzika mamake bila kudondosha chozi. Jirani akamwekea sahani yake peke yake. Alipouma sambusa ya pili, machozi yakamtoka, mabega yakamtetema. Sote tukageuka. "Mnisamehe," jirani akasema kwa sauti, "hizo nimezidisha pilipili." Tukacheka, tukarudi kwenye mpira. Gedion akalia mpaka mapumziko.

Alipoondoka, niliokota iliyobaki sahanini mwake, nikaiuma kwa hofu. Haikuwa na pilipili hata chembe.