Vibanda vya Kungojea Watoto

Mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike Kakuma, na wiki iliyopita nilitoka Lodwar kwenda kumwona. Boda boda alinishusha langoni mwa zahanati jua likiwa utosini. Nikasimama pale nimeduwaa. Uwanja uliokuwa na vibanda vya wajawazito sasa umemwagwa simiti, gari la wagonjwa limeegeshwa juu yake, na ndani wodi ina vigae na feni. Mama mmoja kijana alikuwa akilalamika kwamba feni inapiga kelele. Wewe tunajuana, kwa hiyo sitakuficha: niliona wivu mpaka mate yakawa machungu mdomoni.

Nilipokuwa mtoto tuliishi ng'ambo ya laga, ule mto wetu ambao siku nyingi ni mchanga mtupu. Nyanya yangu alikuwa mkunga. Nililala naye kwenye ngozi moja, na asubuhi povu la maziwa ya mbuzi lilikuwa langu kabla ya mtu mwingine. Mama alizaa baada yangu, akazaa tena, na watoto hawakukaa. Ndivyo tulivyosema nyumbani, kwamba hawakukaa. Mama hakulia mbele za watu, alienda kutafuta kuni. Lakini tukipeleka mkaa kambini kwa wakimbizi, aliwakodolea macho wanawake wa Sudani Kusini waliobeba watoto wanono, waliozaliwa katika hospitali ya kambi. Huu wivu wangu nimeurithi, sikuuokota barabarani.

Kisha zahanati yetu ikapata sista mpya. Huyo aliona kwamba wanawake wa wafugaji wanakaa mbali na uchungu unawashika njiani, kwa hiyo akahangaika mpaka kikajengwa chumba cha mabati, wajawazito waje mapema wangojee siku zao karibu na dawa. Wazo zuri kabisa. Lakini mabati, tena Kakuma! Wanawake walikaa humo kidogo, wakatoka kulala chini ya mti, halafu mmoja mmoja wakarudi kwa mbuzi wao. Sista akavuka laga kuja kumwuliza nyanya shida iko wapi. Nyanya alitafuna tumbako yake kwanza, taratibu.

“Hiyo nyumba yako inachoma watu,” akasema. “Kwetu nyumba inajengwa na wanawake. Wewe leta maji, sisi tutajenga.”

“Na mtakuja kujifungulia kwangu?”

“Tutakuja. Lakini mimi nakaa na wao. Na hakuna kulala chali, wetu anazaa kwa magoti.”

Sista akakubali. “Sawa, mama. Wewe utamshika nyuma, mimi nitakaa mbele.”

Basi tukajenga. Sisi watoto tuliburura makuti ya mikoma kutoka lagani, wanawake wakakunja fito na kufunga kamba huku wakiimba na kutaniana kuhusu waume zao. Vibanda vilikuwa na kivuli chepesi, upepo unapita, na harufu ya makuti mabichi na moshi wa kuni. Wajawazito waliletewa uji wa mtama, waliletewa supu ya kichwa cha mbuzi, mimi nikibaki kukwangua sufuria. Na nyanya yangu alihamia huko. Wanawake nisiowajua, wenye matumbo makubwa, walipakwa mafuta mgongoni na mikono ambayo mimi niliihesabu kuwa yangu. Niliwachukia, nakwambia. Nilimwambia nyanya awafukuze warudi kwao.

“Wewe ulikaa,” akanijibu. “Sasa waache na wao wakae.”

Mama alipopata mimba tena hakumwambia mtu, alijifunga shuka mpaka shuka likashindwa kuficha. Nyanya alimshika mkono tu, akavuka naye laga. Uchungu ulipoanza mimi nilikuwa nje ya chumba cha kujifungulia, nimekaa mchangani, nasuka makuti. Nilimsikia mama akiguna, nikamsikia nyanya akimwambia sukuma, sukuma binti yangu, halafu kukawa kimya. Hakuna kilio cha mtoto. Kimya hicho nilikuwa nimeshakisikia nyumbani, nilikijua.

“Nipe ngozi nimfunike,” nyanya akasema, kwa sauti iliyochoka.

“Bado, mama. Ngoja kwanza.” Huyo alikuwa sista. Nikasikia kitu kikivuta na kufyonza, kisha kitu kingine kikipumua, pfu, pfu, polepole, na sista akiongea na yule mtoto kwa kumbembeleza. Kisha kikatoka kilio chembamba, cha hasira. Nyanya alitoka nje, akaketi mchangani kando yangu na kujifunika uso kwa shuka. Mtoto aliyechelewa kulia hivyo hakuwahi kumwona akipona.

Nilifurahi, sikatai. Lakini ngozi ya nyanya ilipata mwenyewe mwingine, na povu la maziwa pia. Nilikuwa namwangalia yule mtoto akinyonya, nikifikiria wale wawili ambao hawakupata mtu wa kusema ngoja.

Nyanya tulishamzika. Sista alihamishwa, na vibanda viliachwa mpaka mchwa wakavimaliza. Sasa kila kijiji kina mama wa kujitolea mwenye simu, akipiga gari linakuja, na wanawake wanafika pale zahanati wakiwa tayari wamechagua jina na kununua soksi ndogo za rangi. Mama yangu hakuthubutu kushona hata kitambaa kabla mtoto hajakaa. Mimi mwenyewe nilipozaa wangu Lodwar, nilikesha wiki nzima nikimsikiliza akipumua.

Nilimkuta mdogo wangu, yule yule wa pfu pfu, amelala fofofo mchana kweupe, amempa mwanawe mgongo. Mgongo! Nilimwonea wivu usingizi ule kuliko vigae, kuliko feni, kuliko kila kitu walicho nacho. Upande wa pili wa kitanda alikuwa mama yetu, ameinama, kidole chini ya pua ya mtoto.

“Mama, pumzika nawe,” nikamwambia. “Mtoto ni mzima.”

“Najua ni mzima,” akasema, na kidole hakukiondoa.