Nilivyomtania Wifi Yangu Mwajabu kwa Vidonge Vyake

Siku ninayoikumbuka tulikuwa wanawake wanne uani kwangu Misima, tunapukuchua mahindi. Nilikuwepo mimi, na mama mkwe wangu Bi Mwanaidi, ambaye macho yalikuwa yameshaanza kufifia, na jirani yangu Asha binti Ramadhani, mke wa fundi baiskeli. Wa nne ni wifi yangu Mwajabu, dada wa mume wangu Athumani. Athumani mwenyewe alikuwa ameenda Handeni mjini kutafuta magunia, kwa hiyo simhesabu.

Mwajabu alikaa Manundu, kule Korogwe, akiuza khanga sokoni. Kila mavuno alipanda basi akaja kunisaidia, na kila Idi nilimfuata mimi. Mwanangu, sijapata tena mtu wa kucheka naye kama yule. Kwetu wifi ni mtani wako. Unamwambia lolote mbele ya watu, naye hana ruhusa ya kununa.

Wakati huo nilikuwa na nguvu zangu, ugonjwa sikuujua. Mwajabu alikuwa na presha. Jioni ilipofika alifungua pochi, akatoa vidonge viwili visivyofanana, akaomba maji.

"Hicho cha pili cha nini?" nikamuuliza.

"Cha kushusha mafuta kwenye damu. Daktari kasema presha na mafuta vikikutana vinauumiza moyo."

Sasa Mwajabu alikuwa mwembamba, khanga moja ilimzunguka mara mbili. Nikaona leo nimempata. Nikasimama, nikapaza sauti: "Jamani, njooni muone! Mifupa mitupu hii inameza dawa ya mafuta! Hayo mafuta yako wapi, wifi? Umeyaacha Manundu?"

Asha alicheka mpaka akamwaga ungo. Mama mkwe akasema, "We mke wa Athumani, mwache mwanangu," na yeye mwenyewe anacheka.

"Yangu nimeyaficha," Mwajabu akajibu. "Yako ndiyo yanatangulia mlangoni kabla yako."

Tukazidi kucheka. Alimeza kidonge cha presha. Kile kingine alikirudisha kwenye pochi. Nilimwona, mwanangu, nikadhani atakimeza baadaye.

Ikapita miaka kadhaa. Asubuhi moja binti yake, Tatu, akanipigia simu: mama kashikwa na kifua sokoni. Nilifika Korogwe nikamkuta amelazwa, anahema kwa shida.

"Wifi, si unatumia dawa zako?"

"Ya presha natumia. Ile ya mafuta niliiacha. Nilikaa nikaona ulisema kweli, mimi nina mafuta gani? Halafu nikiimeza nipo hivi, nisipoimeza nipo hivi hivi."

Alisema bila kunilaumu, maana mtani halaumu. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Nilimfuata daktari, kijana wa rika la mwanangu Hamza. Nikamuuliza wazi: angeendelea na ile dawa, yangempata haya?

"Bibi, siwezi kukuapia," akasema. "Lakini mafuta haya yanakaa ndani ya damu, hata mwembamba anayo. Dawa yake huisikii mwilini. Inafanya kazi kimyakimya, mwaka kwa mwaka, mishipa isizibe. Mwenye presha akidumu nayo, hatari ya moyo inapungua, na faida yake anakaa nayo miaka mingi."

Miaka mingi. Nilihesabu ile ambayo wifi yangu aliishi bila kidonge, nikakosa pa kuangalia.

Aliruhusiwa, akarudia dawa zote mbili, ila moyo ulikuwa umeshaumia. Mavuno yaliyofuata hakuja, na kabla ya Idi tulimzika. Mpaka leo basi la Korogwe likisimama, nanyanyua shingo. Nikipukuchua mahindi nachekea jambo, nageuka kumwambia, kumbe upande ule pana gunia tu. Watu wapo wengi wananiheshimu, shikamoo bibi, shikamoo bibi. Hakuna hata mmoja wa kuniambia nimenenepa.

Na mimi presha ilinijia. Daktari alinipima na damu, akaniandikia kidonge kile kile, nakimeza kila jioni, na sitegemei kusikia kitu.

Kwa hiyo, mwanangu, mtanie mwenzio mwendo wake, mapishi yake, hata mume wake. Dawa yake usiiguse. Kama una presha, muulize daktari kama na mafuta yanahitaji kushushwa. Usijipime kwa kioo. Akikuandikia, usiache kwa sababu huoni tofauti. Ikikuletea maumivu ya misuli au jambo lolote, rudi kwake ukamwambie, usijiamulie mwenyewe jikoni. Na mtu akikucheka, cheka naye, halafu meza.

Mungu akupe moyo mzima na watu wa kukaa nao muda mrefu. Akuzeeshe pamoja na watani wako, mmoja asitangulie mapema.

Nimeandika ninavyokumbuka. Kama nimekosea jina, niambieni. Na kama yupo anayejua kwamba Mwajabu aliacha vidonge vile kwa sababu nyingine, si kwa maneno yangu, tafadhali aje Misima anisahihishe. Namngoja.